Apu ya poka ya chipsi za bure: nimeicheza miezi mitano, na kisa cha kuifuta ndo hichi

Asalaam alaykum jamani. Kabla hamjanirukia niseme mapema, sikucheza kwa pesa. Apu hizi zinakupa chipsi za bure, si chipsi za Forodhani, ni vidude vya rangi tu kwenye skrini havinunui hata andazi moja, zikikuishia unangoja masaa wanakupa nyengine. Kama hata hivyo inafaa au haifai, hilo mie namuachia Mola wangu na ustadhi wa chuo cha wanangu, na huyo ustadhi ana pahala pake kwenye habari hii mtamuona huko mbele.

Jina la apu siliweki. Zipo nyingi zimefanana kama mapacha, ukizijua tabia hizi utaijua yoyote utakayoishusha.

Naanza na uzuri wake maana dhulma sitaki. Karata zimechorwa vizuri, rea ya shupaza inang'ara mpaka raha, bando hailili sana, nipo Fuoni ambako neti inakuja na kuondoka kama maji ya mfereji na bado nilikuwa namaliza mkono mmoja mpaka mwisho. Na watu! Nimekaa meza moja na Mbrazili, Waturuki wawili na mtu wa Indonesia, wote tunarushiana vikatuni vya kucheka. Kwa asoijua poka, kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunguliwa katikati za wote, unatia chipsi ukiwa unazo au ukiwa huna na unajifanya unazo, na hapo kwenye kujifanya ndo penye utamu wenyewe. Mie nimekulia baraza za Jang'ombe kwenye wahedi wasitini na dhumna, huko ukiwa na turufu unaipiga mpaka meza inaruka na mtaa mzima unajua unayo, sasa huku kukaa kimya na rea mbili mkononi ilinichukua wiki kuzoea.

Haya sasa.

Kuna kitufe cha kijani, alika marafiki upate chipsi milioni tano. Apu siku ya kwanza iliomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yangu nikakubali, nani anasoma vile vibao, unabonyeza ndio ndio ndio ufike kwenye gemu. Siku hiyo chipsi zimeniishia, nikakibonyeza, ikaja orodha ya kila mtu niliyemsevu na kila jina lishawekwa tiki, wameziweka wao, mie nikadhani ntachagua baadae, nikabonyeza pale chini ikanipeleka kwenye sms na maneno yashaandikwa na kidole kinajua njia chenyewe, tuma. Sms 143. Bando la sms likakauka pale pale, na ujumbe unasema mie nawasubiri mezani waje tucheze poka, na jina langu kamili lipo.

Fundi wa friji kapata. Mwalimu mkuu wa skuli ya wanangu kapata. Sheha kapata, akanipigia saa ile ile, "mwanangu hicho kikao cha wapi, na posho ipo?" Mama mkwe hakunipigia mie, kampigia mke wangu, na walioowa wanaelewa hiyo maana yake nini. Ustadhi akajibu kwa sms tu: "Nimepata mwaliko wako, ahsante. Na mie nakualika, Alfajiri, msikitini, bure pia."

Mnacheka, hata mie nimecheka baadae. Lakini kijana wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta pale chuo kikuu cha SUZA, nikamhadithia nikidhani atacheka, hakucheka. Akaniambia mjomba sms si tatizo, sms umezituma wewe na zimeonekana. Tatizo ni kwamba ile siku ya kwanza ulipobonyeza ndio, ile orodha yote inawezekana sana ishaondoka kwenye simu yako ishaenda kukaa kwenye seva yao huko. Yaani sheha wetu, ana simu ya kitochi, hajapata kuiona hiyo apu wala hataiona, namba yake ipo kwenye kompyuta ya watu wa mbali kwa sababu ya mie. Na si namba tu, na jina nililomsevu. Nikaanza kuyapitia majina moja moja jasho linanitoka. Fundi Friji Muongo. Deni Usipokee. Sasa kuna kampuni nchi nyengine inajua nani nna deni lake!

Akaichukua simu, akagusa picha yangu ndani ya apu, akanionesha yanayoonekana na mtu yeyote mezani akinigusa: mikono niliyocheza, elfu kumi na moja na ushei, nashinda asilimia ngapi, nimejiunga lini, niko Zanzibar, na kitone cha kijani nikiwa mezani. Elfu kumi na moja! Nilikuwa namwambia mke wangu nacheza dakika kumi kabla ya kulala.

Na kuna ambayo haionekani na mtu ila wao wenyewe. Zile notifikesheni za njoo uchukue zawadi yako zilikuwa zinanijia baada ya Isha, nikadhani ni bahati. Mwezi wa Ramadhani zikahama, zikawa zinakuja saa tisa za usiku, wakati wa daku. Hakuna mtu aliyewaambia hawa kuwa mie siku hizo naamka saa tisa, wameniona wenyewe nikifungua apu wakati huo siku tatu nne, basi wakajipanga. Na tangazo la kununua chipsi kwa shilingi elfu mbili na mia tano lilikuwa halinijii nikiwa nashinda, linanijia nimepigwa, nimebaki na chipsi za mwisho na nna hasira. Duka gani hilo linakungoja ukasirike ndo lifungue mlango? Sikununua, ila mara moja kidole kilikaribia, sisemi uongo.

Nikaanza kuulizia na kusoma, na huko kwa wanaocheza pesa za kweli ndo kuna mambo. Toka miaka ya 2000 kuna programu, PokerTracker moja, Hold'em Manager nyengine, zinasoma kila mkono ulocheza na kuweka kwenye daftari lao, halafu juu ya jina la kila mtu mezani zinamuandikia tarakimu: huyu katika mikono 100 anatia chipsi kwa hiari yake mara ngapi, anapandisha mara ngapi, akipandishiwa anakimbia mara ngapi. Mtu wa 15 ni mgumu, akitia ujue anazo. Mtu wa 60 ni bwege anaingia na kila takataka. Kijana akanihesabia mikono yangu ya jioni moja kwa kalamu, nikatoka 58.

Barazani kwetu yupo babu mmoja kila karata iliyotoka anaikumbuka, na anajua nani akiwa na turufu anakuna sikio. Lakini namuona, yupo mbele yangu na kikombe chake cha kahawa, na mie namjua kwamba akiwa hana kitu anaanza kuhadithia habari za enzi za karafuu. Tunasomana. Hao wa programu wamefika pahala wengine walikuwa wanaziacha kompyuta zikae zinatazama meza usiku na mchana, hazichezi, zinanakili tu mikono ya watu, halafu mikono inauzwa kwa mafungu, mtu anakaa na wewe mara ya kwanza maishani na ashanunua miezi yako sita ya nyuma. PokerStars, mtandao wa kuchezea poka ya pesa, wakaipiga marufuku hiyo ya kukusanya mikono usiyocheza. Bodog, mtandao mwengine, wao mwaka 2011 wakaondoa majina kabisa, watu wanakaa viti tu. PartyPoker Juni 2019 wakawalazimisha wachezaji wabadilishe majina na rekodi za mikono wakazifunga, na daftari zote watu walizokusanya miaka zikawa karatasi za kufungia bajia.

Nikasema basi, dawa ndo hiyo, fungeni rekodi tumalize. Kijana akanambia ngoja kwanza mjomba.

Mwaka 2007 kwenye mtandao wa Absolute Poker kulikuwa na mtu jina lake mezani POTRIPPER, anaingia na karata mbovu, anapandisha ovyo, na hakosei, mwenzake akiwa nazo yeye anatoka, akiwa hana yeye anabaki. Jamaa aliyeshika nafasi ya pili kwenye mashindano akashuku, akaomba rekodi za mikono, kampuni ikamtumia faili la Excel ambalo lilikuwa na zaidi ya alivyoomba, karata za siri za watu wote zimo, na anwani za intaneti za waliokuwa wakitazama meza zimo. Wachezaji wenyewe wakakaa nalo wakahesabu mstari kwa mstari, wakakuta kuna mtazamaji akaunti namba 363 alikuja mezani mapema, na toka alipofika POTRIPPER akawa kama anaona kwenye kioo. Namba ndogo kama hiyo ni ya siku za mwanzo kabisa za kampuni, yaani mtu wa ndani anayeweza kuziona karata za wote. Kampuni ndugu, UltimateBet, ikakutwa na uchafu huo huo, tume ya michezo ya Kahnawake kule Kanada ikamtaja mtu aliyekuwa bingwa wa dunia wa poka mwaka 1994, na zaidi ya dola milioni 22 zikabidi zirudishwe kwa wachezaji. Sasa hawa wamekamatwa na nini? Na zile zile rekodi. Na watu waliozoea kuhesabu mikono ya wenzao. Ungezifunga, POTRIPPER angekuwa mpaka leo anakula.

Kwahiyo hapo nimekwama na sioni haya kusema. Mikono yangu niipate mie, yote, na nikidhulumiwa niiangalie. Ila Mturuki asiyenijua asiinunue. Kama hilo haliwezekani kwenye kompyuta basi waseme.

Na msidhani ni mambo ya zamani. Mwisho wa 2023 GGPoker wenyewe wametangaza kuwa kuna mchezaji aliichokonoa programu yao ya kompyuta mpaka akawa anakisia nafasi yake ya kushinda mkono kabla hajaamua. Wakamfungia, wakaziba tundu. Tena na hapo, wachezaji ndo walioanza kupiga kelele kuwa huyu anashinda kupita kiasi.

Kuna hii ya kuchanga karata ndo nimeipenda kuliko zote, niacheni nihadithie. Barazani ukitaka kuhakikisha karata zimechangwa unamwambia mwenzako nipe nikate. Kwenye kompyuta unakata nini? Mwaka 1999 kampuni ya programu iliyokuwa ikitumiwa na mtandao wa Planet Poker iliweka hadharani namna inavyochanga, ili watu waone hamna wizi, nia njema kabisa. Wakaja mafundi wa usalama wakaisoma. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna ambazo idadi yake ni tarakimu yenye nafasi 68, lakini ile programu ilikuwa inaanzia kwenye saa ya kompyuta, inahesabu vipande vya sekunde toka usiku wa manane, basi kwa siku nzima haizidi namna milioni 86 na kidogo. Ukiilinganisha saa yako na saa ya seva zinabaki kama laki mbili, na hiyo kompyuta ya kawaida inazimaliza unapiga chafya. Wakiona karata zao mbili na tatu za kati, wanajua za wote waliobaki na zinazofuata. Yaani mtu kaonesha mlango wake ulivyo imara na ufunguo upo kwenye kitasa. Mafundi hao wakasema hadharani badala ya kula, na kampuni ikarekebisha.

Hii apu yangu inasema inachanga kwa haki, kuna kimstari chini kabisa kwenye sehemu ya maelezo. Nani kaikagua, haijaandikwa. Nyota moja imeondoka hapo.

Halafu kuna wizi ambao apu haina kosa, kosa ni la simu yako. Mwaka 2013 Mfini mmoja mchezaji mkubwa, Jens Kyllönen, alikuwa kwenye mashindano Barcelona, anarudi chumbani hotelini kadi ya mlango haifungui, akaingia laptopu haipo, baadae akaikuta imerudi pale pale. F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakaipima wakakuta imetiwa programu ya kuchungulia, aliyeitia akikaa naye mezani anaona karata zake moja kwa moja. Rafiki yangu yupo mapokezi hoteli moja ya Nungwi nikamhadithia, akasema ndo maana kuna wageni wanabeba laptopu mpaka baharini, yeye alikuwa anawaona washamba. Na 2015 ESET, kampuni nyengine kama hiyo, wakakuta programu nyengine ya kuchungulia inaitwa Odlanor inapiga picha skrini ya mtu akicheza PokerStars au Full Tilt, na ilikuwa inaingia kwa kujificha ndani ya programu za bure, mpaka zile za kukokotolea poka. Sasa vijana wa mtaani kwetu wanarushiana kwa Xender apu zimeandikwa chipsi bila kikomo. Wallahi msiziweke. Mwenye simu hiyo hiyo moja ndo ana pesa yake ya simu humo, na emaili, na picha za familia.

Kuna jamaa anasema chipsi za bure nani atanidukua. Chipsi za bure zinaibiwa vizuri tu, Uingereza mwaka 2011 kijana mmoja kafungwa miaka miwili kwa kuwadukua Zynga, kampuni ya magemu, na kujiwekea chipsi bilioni 400 za poka aziuze kimagendo. Na hata chipsi zikiachwa, paswedi yako je? Mwaka 2019 hao hao Zynga walidukuliwa, akaunti karibu milioni 173 za gemu zao zikavuja, emaili na paswedi zilizofumbwa kizamani. Mie paswedi ya apu yangu ilikuwa ndo hiyo hiyo ya emaili, jina la mwanangu wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Nishabadilisha. Na nyinyi mnaosoma hapa, najua.

Boti pia zipo, si boti ya Pemba, programu zinazocheza zenyewe. Nimekutana na "mtu" anajibu kila mkono kwa sekunde mbili kamili, masaa matatu, haendi chooni. Nikamripoti, nikajibiwa ahsante kwa kutujali. Yupo mpaka leo.

Kufuta sasa. Kuitoa kwenye simu sekunde tano, akaunti inabaki. Google mwaka 2023 walitangaza kwamba apu ikikuruhusu kufungua akaunti lazima ikupe na njia ya kuifuta, basi hawa njia wameiweka, ila utaitafuta kama sindano kwenye mchanga wa Paje. Mipangilio, msaada, maswali, faragha, mengineyo, chini, chini tena, maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Ukibonyeza wanakuuliza una hakika, halafu wanakupa chipsi milioni kumi za kubaki, halafu wanakuuliza tena na safari hii kitufe cha kubaki ndo kikubwa. Nilipofika mwisho nikaandika emaili kwa Kiingereza cha kijana wa SUZA, kuuliza zile namba za watu 143, sheha na ustadhi na mama mkwe, nazo zinafutwa? Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, nikaitaja hiyo sheria ili waone nna meno. Jibu lilikuja siku ya pili, refu, la upole, limeshukuru mara tatu, na kwenye swali langu halikugusa.

Nyota mbili katika tano. Moja ya rea ya shupaza, moja ya yule Mbrazili maana alikuwa mcheshi. Anayetaka karata aje Jang'ombe baada ya Alasiri, kahawa ipo na kashata zipo, ila babu anachungulia, mkae upande wa ukutani.

Akaunti yenyewe wamesema itafutika baada ya siku 30, leo ni ya 19. Jana usiku, Isha ndo kwanza imekwisha, viatu bado sijavaa, simu ikalia. Emaili: kiti chako bado kinakusubiri.